Siku Moja Mchangani, Ukingoni mwa Tshopo

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Septemba tulikuwa tumekusudia kuliezeka upya jiko letu. Fundi alikuwa ameahidi kufika saa moja asubuhi. Hata saa tatu hakuonekana, na saa tatu u nusu alimtuma kijana kutuarifu ya kuwa ameitwa msibani. Basi tukabaki uani, mabati yameegemezwa ukutani, na mbele yetu siku nzima isiyo na kazi. Jambo hili ni geni katika nyumba yetu ya Mangobo. Siku tano ni za kazi na masomo, Jumapili ni ya Misa na wageni, na Jumamosi huliwa na mambo madogo madogo, hata jioni mtu hajui imekwenda wapi.

Ndipo kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, aliyekuwa amemaliza juma lake la kwanza la shule na kuliona refu mno, akauliza: "Baba, ule mchanga wa Tshopo wanaousema wenzangu, upo bado, au umefungwa pamoja na likizo?"

Tulicheka. Mama yake aliyatazama mabati, akaitazama mbingu, ambayo asubuhi ile ilikuwa safi, akasema, "Mbona tusiende leo?" Na kabla hatujajibu, sauti ikatoka barazani, alipokuwa ameketi mama yetu mzazi akichambua majani ya muhogo.

"Na mimi nitakwenda."

Watoto hawakuona ajabu yoyote. Sisi wakubwa tulitazamana. Koko, maana ndivyo watoto wa Kisangani wawaitavyo bibi zao, hakuwa ameshuka kwenye mto Tshopo tangu mwezi wa Juni mwaka 2000. Alikuwa akipita mbali nao. Akiwa na safari ya upande ule, alituma mtu. Hatukumwuliza lolote, kwa kuwa tulijua, na kwa kuwa tuliogopa asije akabadili nia. Mama wa nyumba aliingia jikoni mle msimo na paa, akaanza kufunga chakula.

Yafaa tuwaeleze kidogo wasomaji walio mbali, wa Tabora au Bukoba au Mombasa, ambao wakisikia habari ya kwenda ufukoni huwaza bahari au ziwa. Kisangani haina bahari. Mtu akisafiri kwa mto kutoka hapa hata Kinshasa huhesabu kilometa zipatazo 1,700, naye akifika huko bado hajaiona bahari. Lakini maji tunayo, tena pengine kupita haja yetu. Kusini mwa mji wapita mto mkubwa, ambao huko juu huitwa Lualaba, na hapa, baada ya kuyashuka maporomoko saba ya Boyoma, huitwa Kongo. Kaskazini wapita Tshopo, ndugu yake mdogo, utokao katika misitu ya mashariki. Tshopo humwaga maji yake katika mto Lindi, na Lindi katika Kongo, chini kidogo ya mji. Hivyo tumelala katikati ya mito, na jina la mji lasema hivyo. Mswahili wa pwani akisikia neno kisanga hufikiri msiba au jambo la kustaajabisha, lakini katika Kiswahili cha huku kisanga ni kisiwa. Kisangani ni kisiwani. Wabelgiji waliuita mji huu Stanleyville, na jina hilo likakaa mpaka mwaka 1966. Tukiyakumbuka yaliyoupata tangu uhuru wa mwaka 1960, huona kwamba hata ile maana ya watu wa pwani haikukosea sana.

Na majira yetu si kama ya wengine. Katika nchi za Ulaya mwezi wa Septemba ni mwanzo wa majani kuanguka, na jamaa nyingi huenda baharini mara ya mwisho kabla ya baridi. Sisi tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Jua letu ni lile lile mwaka mzima, na mvua haituachi kabisa mwezi wowote. Kinachobadilika ni kimo cha maji. Mwezi wa Julai na wa Agosti mito hupungua, mawe hutokeza migongo yake, na mchanga mweupe huonekana mahali ambapo mwezi wa Mei palikuwa na kina cha kumfunika mtu. Septemba mvua huongeza nguvu. Kufika Novemba na Desemba mito hujaa, na miaka mingine hujaa bila kiasi, kama mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, maji yalipoingia katika nyumba za watu wa ukingoni. Kwa hiyo mtoto wetu aliuliza kwa haki kuliko alivyojua mwenyewe. Mchanga ule kweli hufungwa, na hakuna apigaye kengele.

Tulikuwa watu saba. Chakula kilitiwa katika kapu: lituma, ndiyo ndizi za kupika zilizopondwa, chakula ambacho watu wa Kisangani hujivunia popote waendapo, sombe yenye mawese, samaki wawili waliokaushwa kwa moshi, na bakuli la mbinzo, wale viwavi wa msituni ambao majira yao huwa ukingoni kwisha wakati huo. Tukachukua mkeka, sufuria moja, maji ya kunywa, na chumvi, ambayo tuliirudia baada ya kufika njia panda. Hakuna jamaa iliyopata kutoka nyumbani bila kuirudia chumvi.

Koko alipanda toleka. Toleka ni baiskeli ya kuchukua abiria, yenye kiti cha godoro nyuma ya mwendeshaji. Neno lenyewe ni la Kilingala, maana yake ni "tupite". Zamani mji wote ulikwenda kwa toleka, na sauti ya kengele zake ndiyo iliyotuamsha asubuhi. Siku hizi pikipiki zimezipunguza sana. Koko hapandi pikipiki. Asema kwamba mtu akipanda toleka aweza kusalimiana na watu njiani, lakini juu ya pikipiki huwapita kama mwenye deni. Alikwenda basi polepole mbele yetu, ameshika mwavuli uliokunjwa, nasi tukamfuata kwa miguu, watoto wakikimbia huku na huku na kapu likibadilishwa mikono. Tulipita mitaa ya Mangobo, tukaingia ile ya Tshopo, ambayo imepewa jina la mto, na katika saa tano hivi tukaanza kuisikia sauti ya maporomoko. Mtu asiyeizoea hudhani kwamba ni mvua inakuja.

Hapo kwenye maporomoko ya Tshopo, katika miaka ya 1950, yalijengwa mitambo ya umeme, na jirani yake ikawekwa bustani ya wanyama, ambayo vita na ufukara vimeipunguzia wanyama karibu wote. Wazee husimulia habari zake kama watu wasimuliavyo arusi ya zamani. Hapo pia pana daraja, njia ya watu waendao Buta. Kabla ya kulifikia, Koko alimwambia mwenye toleka asimame. Akashuka. Akasimama ameutegemea mwavuli, akilitazama daraja kwa muda mrefu. Watoto wakubwa walinyamaza wenyewe.

Jumatatu ya tarehe 5 Juni mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yaliyokuwa yameingia nchini mwetu pamoja katika mwaka 1998, yalipigana katika mji huu kwa mara ya tatu. Askari wa Uganda walikuwa kaskazini ya mto, wale wa Rwanda walikuwa mjini, na daraja hili likawa katikati yao. Siku sita makombora yalivuka juu ya mto na kuanguka katika nyumba za watu ambao hawakuwa na neno katika ugomvi ule. Sisi tuandikao haya tulikuwa na miaka tisa. Tulikaa siku zile chini ya kitanda, na maji yetu ya kunywa yalikuwa ndoo moja. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliokuja kuhesabu hasara waliandika kuwa raia zaidi ya 760 walikufa, na wapata 1,700 walijeruhiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa ajili ya madhara ya vita vya miaka ile. Hesabu hizo tunazo. Koko ana hesabu yake. Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa ng'ambo ya daraja, na kila Jumatatu ndugu hao wawili walikutana mtoni kufua nguo. Jumatatu ile walikuwa juu ya mawe na mabeseni yao. Mlio wa kwanza uliposikika, kila mmoja alikimbilia kwa watoto wake: mmoja kusini, mmoja kaskazini. Siku ya saba jirani mmoja alivuka akaleta habari. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuzikwa uani, chini ya mpapai, maana makaburini hapakuweza kufikiwa.

Haya tulikuwa tumewaambia watoto kwa kifupi. Koko mwenyewe hakuyasema kamwe. Hapo njiani alisema tu, "Daraja ni dogo. Nilikuwa nikilifikiri kuwa ni kubwa zaidi." Kisha akashuka kwa kile kijia cha mtoni, naye akatutangulia, kwa kuwa sisi hatukuijua njia vema, naye aliijua.

Mchanga ulikuwapo. Haukuwa mwingi: kipande chembamba, kirefu kama uwanja wa kanisa letu, mawe meusi upande wa juu na vichaka upande wa chini. Jamaa tatu nne walikuwa wamekwisha kufika, na vijana wenye mpira, na mama mmoja auzaye mikate ya kukaanga katika ndoo. Watoto wa mjini huuita mchanga huu kwa jina la Kifaransa, plaji. Maji ya Tshopo si ya udongo kama ya mto mkubwa. Ni meusi yenye wekundu, kama chai iliyoachwa usiku kucha, kwa sababu ya majani ya msituni, lakini ukiyateka kwa viganja huona yamekuwa safi, na wayaona mapito ya mkono wako chini yake.

Jambo la kwanza alilofanya Koko ni kuvunja kijiti na kukichomeka mchangani, penye mpaka wa maji. Jambo la pili alikwenda akiburura mwavuli wake kutoka jiwe moja hata kichaka, akaandika mstari. "Mbele ya mstari huu hapana ruhusa," akawaambia wajukuu. "Pale maji yanapokunjamana, chini pana mawe. Pale yanapolala kimya kama mafuta, hapana chini. Mmeelewa?" Wakaitikia, "Ndiyo, Koko," nasi tukaona katika macho yao mshangao. Walikuwa wamemjua kuwa bibi aogopaye mto. Hawakuwa wamejua kwamba aujua.

Hapo ndipo tusimulie jambo ambalo latuaibisha kidogo. Koko ni Mgenia kwa kuzaliwa. Wasomaji wengi wameona picha za Wagenia, wale wavuvi wa poromoko la mwisho la Boyoma, mashariki ya mji wetu. Katika mwamba wenyewe, mahali ambapo maji hupiga kwa nguvu za kutisha, wao husimamisha miti mikubwa, huifunga pamoja kwa kamba za msituni mpaka iwe kama mifupa ya nyumba, na kutoka huko juu hutundika mitego mikubwa iliyosukwa kwa umbo la pembe, mdomo wazi kuelekea mkondo. Samaki akisukumwa na maji huingia wala hawezi kurudi. Kila siku wanaume hupanda juu ya miti ile na kushuka kwenye povu kuitazama mitego, na mahali pa mtego hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Maji yakipanda sana, miti hung'olewa na kazi huanza upya. Babu yetu, baba yake Koko, alikuwa na mahali pake pale. Koko alijua kuogelea kabla hajajua kuhesabu, na katika kuhesabu, asema, hakufika mbali.

Na wajukuu wa watu hawa, wanne waliosimama mchangani siku ile, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Hata sisi wenyewe tulijifunza nusu tu, kisha ukaja mwaka 2000, na baada ya hapo neno la mto halikutajwa nyumbani isipokuwa kwa kukatazwa. Tumekaa mji uliozungukwa na maji kama watu wa jangwani. Wala si sisi peke yetu. Mwulize mwalimu yeyote wa Mangobo ni wanafunzi wangapi darasani mwake wawezao kuvuka hatua ishirini za maji, utasikia.

Tulikula mapema, maana watoto hawakuweza kungoja. Lituma iliyofungwa katika majani huwa na ladha nyingine ikiliwa nje. Mbinzo zilikwisha kwanza, kama kawaida, na palikuwa na shauri juu ya nani aliyechukua za mwisho, nasi tuliokuwa tumezichukua tukanyamaza. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza wavu wake chini ya kichaka, alikaribishwa, akaja akala, akamsalimu Koko kwa lugha ya Kigenia, na hao wawili wakazungumza kwa muda tusielewe hata robo. Tulielewa tu kuwa alionyesha mashariki kwa kidevu chake. Koko akatutafsiria: "Asema mvua imenyesha sana juu tangu juzi. Maji yatapanda leo." Akakitazama kijiti chake. Kilikuwa kimesimama penye mpaka wa maji. Sasa kilikuwa ndani kwa hatua moja.

Ilikuwa yapata saa nane tulipopata hofu yetu. Mtoto wetu wa pili, mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye miguu yake hukua kuliko akili zake, aliufuata mpira wa wale vijana. Alivuka mstari hatua tatu tu. Tulimwona akiinua mikono kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo, na papo hapo akawa ameondoka, kichwa chake kikipita juu ya maji yale ya kimya kama mafuta. Sisi tulikimbia, na kwa kweli tulikimbia vibaya, tukaanguka, mchanga ukatushika. Mama yake alipiga ukelele. Juu ya sauti zote tukasikia ya Koko, kubwa kuliko tulivyopata kuisikia tangu utoto wetu:

"Lala chali! Usisimame! Lala!"

Hatujui kama alielewa au alichoka tu, lakini alilala. Nasi tulipotaka kujitupa majini nyuma yake, Koko alitushika shati. "Huko atawapoteza," akasema. "Njooni huku." Akaenda upande wa chini, haraka kuliko tulivyodhani kwamba aweza, mpaka penye jiwe moja pana lililoinama, akaingia majini na nguo zake zote hata kiunoni, akasimama, akangoja. Na kweli, mkondo uliokuwa umemchukua mtoto ulizunguka, ukarudi nyuma ya jiwe lile pole pole, kama mtu aliyesahau kitu, ukamleta. Koko alimkamata mkono. Sisi tukamkamata wa pili.

Alitapika maji kidogo, akalia sana, kisha akaona haya kwa sababu ya wale vijana, ambao mmoja wao alikuwa akilia vilevile. Tulimkemea kwa maneno ambayo hatutayaandika hapa. Mama yake hakusema kitu, alimfunga kitenge na kumshika. Na Koko alibaki pale pale ndani ya maji, ametulia, akilipapasa lile jiwe kwa kiganja.

"Ulijuaje, Mama?" tukamwuliza.

"Sabuni zetu zilikuwa zikituponyoka," akasema. "Zote zilikuja hapa. Yeye alikuwa akikaa chini huku kuziokota, mimi juu kule." Akaonyesha jiwe jingine, hatua thelathini juu ya hilo. "Mawe hayajahama."

Tulidhani kuwa sasa atataka kurudi nyumbani, nasi tulikuwa tayari, mama wa nyumba akawa amekwisha kukunja mkeka. Lakini Koko alisema, "Leteni lile shati lake." Shati la mvulana lilikuwa limejaa matope na matapishi. Akalipokea, akaliweka juu ya jiwe, akalifua bila sabuni, kwa namna ya zamani, akilipiga na kuligeuza, na hakuharakisha. Alipokwisha, aliomba na la mdogo wake, ambalo halikuwa chafu. Tulimpa. Kisha akamwita kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi na minne, akamwambia aingie mpaka mahali ambapo maji yanafika kifuani, karibu na jiwe, nyuma yake, ambako maji hurudi. Akamwekea mkono mmoja mgongoni.

"Usiyapige maji," akamwambia. "Yalalie. Tazama juu. Ukitazama miguu yako, itazama. Pumua. Mimi nimekushika."

Baada ya muda tuliona kwamba mkono wake ulikuwa umetoka mgongoni mwa binti, naye binti hakujua. Mara ya tatu alijua, akacheka, akanywa maji. Yule mvulana aliyeponea alitazama kutoka ndani ya kitenge kwa uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Koko alimwita naye. Hapo mama yake alisema hapana. Koko akamjibu kwa upole, "Mwanangu, asipoingia leo, hataingia tena. Mimi najua." Mama watoto alikaa kimya, akatutazama, akaufungua mkono wake. Mvulana aliingia akitetemeka. Alikaa majini muda mfupi tu, ameshika shingo ya bibi yake kama mtoto wa nyani, na mgongo wake uliyagusa maji mara mbili. Lakini aliingia.

Kwenye saa kumi mawingu yalisimama upande wa mashariki. Kijiti hakikuonekana tena. Maji yalikuwa yamepanda kimo cha kiganja kimoja tu, lakini kwa kuwa mchanga ni wa kulala, kiganja hicho kilikuwa kimeumeza karibu nusu yake, na ncha ya mkeka wetu ilikuwa imelowa. Yule mama wa mikate alikuwa amekwenda. Mvuvi alisukuma mtumbwi wake mahali ambapo asubuhi watoto walichezea mpira. Tulipanda kijia, Koko mbele, nguo zake zikimshika miguuni, mashati mawili yaliyofuliwa yametundikwa juu ya mwavuli wake. Hakulitazama daraja, au labda alilitazama nasi hatukuona, maana kitinda mimba alikuwa amelala begani na kapu lilikuwa zito. Mwenye toleka aliona haya kumpandisha mtu aliyelowa hivyo, kwa ajili ya godoro lake. Tulimwongezea faranga kidogo, akaridhika.

Fundi alikuja Jumatano, akaliezeka jiko, na mvua ya usiku ule ilipita sehemu moja tu, ambayo asema si kosa lake bali la bati. Jumamosi iliyofuata watoto walitaka kurudi. Tulikwenda na Koko mpaka mwanzo wa kijia. Hapakuwa na mchanga. Maji yalikuwa yamefika vichakani, meusi, yakipita kwa haraka na matawi ndani yake. Lile jiwe la chini halikuonekana. La juu lilikuwa limebakiza sehemu ndogo kama kigoda. Kitinda mimba aliuliza litafunguliwa lini. Koko alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtu asiyefika mbali katika kuhesabu.

"Mwezi wa pili," akasema. "Mlete na sabuni."